Svalbard bila mtoto: tazameni visa kabla hamjalipa hata senti

Mkuu, usilipie hiyo hoteli. Kama umeshalipa, wapigie leo leo uulize kama wanarudisha.

Umesema wewe na shemeji mnaishi Reading hapa Uingereza, pasipoti zenu ni za Kenya, mtoto ana miezi 20, na Februari mnataka kumwacha kwa bibi yake siku 4 mkaone mianga ya kaskazini (aurora, ile mianga ya rangi angani usiku) kule Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard. Ukauliza nguo, ukauliza mwezi gani unafaa, ukauliza mtoto atalalaje bila mama. Halafu katikati ukapitisha mstari mmoja kwamba visa mnazo na zaidi ya hapo "Svalbard haidai visa". Huo mstari ndio ulionitoa kitandani.

Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo. Wakala wetu wa safari, mtu mwenye ofisi na picha za dubu weupe ukutani, alituambia Svalbard ni ya Norwei, kwa hiyo visa ya Norwei inatosha, na ukifika kule hakuna anayekudai visa. Nusu ya hayo ni kweli, ndiyo maana yanaua. Visiwa vile viko chini ya Norwei kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920, na kweli kukaa kule hakuhitaji visa. Ila Svalbard iko nje ya Schengen, yaani lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, Norwei bara ikiwemo, na sisi wa Uingereza tunafika kule kwa kupitia Norwei bara. Hesabu na mimi: ukishuka Oslo umeingia Schengen mara ya kwanza. Ukienda Longyearbyen umetoka. Ukirudi Oslo kuunganisha ndege ya London, hiyo ni mara ya pili. Visa ya kuingia mara moja inakuwa imekufa tangu siku ulipoondoka.

Sisi tulilijua hilo Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei bara ambako ndege yetu ya Longyearbyen ilipitia. Ndege ilitua, wa Svalbard wote tukaambiwa tushuke tukakaguliwe pasipoti kisha turudi kwenye viti vyetu. Askari wa mpakani, dada mpole kabisa, akatazama stika za visa, akaniuliza tunarudi vipi nyumbani. Nikamwonyesha tiketi. Akaweka muhuri pembeni, akasema: nikiwagongea hapa mnatoka, na visa hizi haziwarudishi. Mke wangu alikuwa na simu mkononi, picha ya binti yetu amelala kwa mama mkwe Leicester. Akakaa chini, pale pale sakafuni. Mimi akili yangu ilikwenda kwenye pesa. Yeye aliona jambo moja tu: kwamba tungeendelea, tungekuwa Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, mtoto wa miaka 2 ng'ambo ya bahari, na njia halali ya kumfikia haipo.

Wenzetu wakarudi ndani ya ndege. Sisi mabegi yetu yakashushwa.

Hoteli usiku 4, mbwa wa kuvuta sleji, pikipiki za theluji, tiketi za kipande cha mwisho: pauni 2,300, haikurudi hata moja. Hizo ni zamu za usiku za mke wangu wodini, mwaka mzima na zaidi. Nilipompigia wakala alinijibu kwamba fomu nilisaini mwenyewe. Ndiyo, nilisaini. Lakini aliyeijaza ni yeye, na pale wanapouliza unaomba kuingia mara ngapi akaweka alama kwenye mara moja. Mtu akichukua hela yako akujazie fomu, kisanduku kile ndiyo kazi yenyewe! Namlaumu na sitaacha. Na asije mtu hapa kuniambia tungetafuta njia nyingine ya kurudi. Ipi, kuogelea?

Sasa nenda kachukue pasipoti. Fungua ukurasa wenye stika, tafuta idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, Svalbard haipo. Mnataka 02 au MULT, yaani mara mbili au mara nyingi. Tazama na ya shemeji, usidhani zimefanana. Kama ni za kuomba upya, andikeni Svalbard waziwazi kwenye ratiba mnayowasilisha na muombe mara mbili au zaidi. Wenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Sweden hawabanwi na hili, kibali kinawarudisha, ila wabebe kadi pamoja na pasipoti maana ukaguzi upo. Kibali cha Uingereza pale hakisaidii kitu.

Mwezi: Februari mwanzoni jua bado halichomozi kule, na mji umezibwa na milima, jua linaugusa kuanzia tarehe 8 Machi hivi. Mtoto: mpelekeni kwa bibi wikendi moja ya majaribio kwanza. Wetu alilia usiku wa kwanza, wa pili akalala. Na bibi aachiwe barua yenu ya idhini, ikitokea homa asihangaike kwa daktari.

Zile siku 4 tulizimalizia Tromsø. Usiku wa pili tulitembea hadi ufukwe wa Telegrafbukta na mianga ikatoka, kijani juu ya maji, ikicheza karibu nusu saa. Mke wangu alilia. Svalbard tutakwenda, na safari hiyo fomu najaza mimi.

Niandikie hapa chini stika zenu zinasemaje.