Barua kwa Mwanangu: Jenga Huku Juu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Wundanyi, huku juu kwenye vilima vya Taita. Sisi wazima, na mama yako anawaulizia wajukuu kila siku. Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Unasema mmechoka na Nairobi, mnataka kurudi Taita-Taveta, ila hujui kama ujenge huku juu kwenye shamba la marehemu babu yako, au ununue ploti Voi, kule bondeni, karibu na stesheni ya reli ya SGR. Mimi nasema jenga huku juu. Ngoja nikueleze sababu, maana nyumbani umepajua wakati wa likizo tu, na likizo huonyesha uzuri peke yake.

Kaunti yetu ukiiangalia kwenye ramani ni kubwa, lakini mahali pa kuishi watu ni padogo. Zaidi ya nusu ya ardhi ni mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Sehemu kubwa ya bonde lililobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Kwa hiyo ploti ya bei nafuu ukiiona, uliza hatimiliki kwanza, halafu uliza tembo hupita wapi. Kule chini ya kilima cha Sagalla wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akiugusa, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ni kazi ya akili na inasaidia sana, lakini mwenye shamba bado halali vizuri mahindi yakikomaa.

Halafu maji. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya kaunti hii hii. Tangu miaka ya 1950 maji yake yanapita kwenye bomba kwenda Mombasa, na mpaka leo wako watu wetu wa bondeni wanaonunua maji kwa mitungi. Jambo hili huniuma. Huku juu hali ni tofauti kwa sababu ya msitu. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika na unyevu wake, unagonga vilima, ukungu unakaa Ngangao na Chawia, na vijito vinatoka humo. Misitu hiyo imebaki vipande vipande tu, na ndani yake wamo ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani. Ukija kuishi hapa, usikubali mtu akukatie mti wa asili kwa ajili ya mbao za nyumba yako. Mbao za mikaratusi zipo.

Wazee wetu hawakutegemea shamba moja. Mtu alikuwa na kipande huku kwenye baridi, kingine mteremkoni, kingine bondeni. Mvua ikikosa upande mmoja, upande mwingine unalisha nyumba. Ndiyo maana sikuambii uachane na bonde kabisa. Kile kipande cha babu upande wa Mwatate kipandwe mahindi na pojo. Huku juu panda kabichi na viazi, soko la Mombasa linavitaka, na uongeze makadamia. Lakini tengeneza matuta kabla ya kupanda chochote. Mteremko wetu ni mkali, na mvua moja ya Novemba inaweza kuondoka na udongo wote.

Uliniuliza pia watoto watapata nini hapa zaidi ya hewa safi. Watapata kujua wametoka wapi. Nataka niwapeleke mimi mwenyewe kwenye mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wazee wetu, wafundishwe kusimama pale kwa heshima. Nataka wakione kilima cha Salaita, ambako Waingereza na Waafrika Kusini walirudishwa nyuma na Wajerumani Februari 1916, na ile reli ya Voi hadi Taveta iliyojengwa haraka kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wageni huja kuona makaburi ya askari, nayo yanatunzwa vizuri. Ila watu wa Kasigau mwaka 1915 walituhumiwa na Waingereza kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakang'olewa kijiji kizima kizima na kupelekwa Malindi. Wengi walifia huko. Hao hawana makaburi ya kutembelewa, kwa hiyo lazima wawe na watu wa kuwasimulia, na wajukuu wangu wawe miongoni mwao.

Shida za hapa sizifichi. Julai na Agosti ni baridi, nguo hazikauki. Barabara ya kushuka Voi ni ya lami lakini ina kona nyingi, na mtoto akiugua usiku mtategemea hospitali ya Wesu kwanza. Kazi yako ya kompyuta itahitaji mtandao ulio imara, na kuna miteremko ambayo simu haishiki. Pima pale pale shambani, usisikilize maneno ya watu.

Kwa hiyo msije Desemba wakati kila kitu ni kijani. Njooni Julai, wote, mlale hapa angalau wiki mbili. Siku ikipambazuka bila mawingu tutapanda kilele cha Vuria tuangalie Kilimanjaro, lakini siku nyingine mtanisaidia kuchimba matuta. Nimeshazungumza na baba zako wadogo kuhusu mpaka wa upande wa kijito. Wamekubali tumwite mpimaji ukiwepo. Kabla ya hapo usimtumie mtu yeyote wa Voi hata shilingi moja.

Baba yako