Sina ninachoficha, nakaa tu peke yangu

Shikamoo shangazi, naanza na wewe maana hata nikimwandikia nani najua haya yatakufikia kabla ya magharibi. Ile sauti yako ya dakika 7 nimeisikiliza yote, na ukitoa salamu na dua ndani yake kuna swali moja tu, "mwanangu unatuficha nini?" Nimesikia pia kuna mtu karudi likizo kawaambia huku Uingereza siendi kwenye sherehe za wenzetu, sina mume, sikai na mtu, simu sipokei na kwenye grupu la ukoo natumaga dole gumba basi. Kwa hiyo majibu mmeshayatengeneza wenyewe, nimeyahesabu yako manne: makaratasi yameisha muda nimejichimbia, nimeolewa kimyakimya, nimeingia freemason, na la mwisho kwamba nimepata hela sitaki ndugu wajue. Hilo la mwisho aisee natamani lingekuwa kweli.

Ukweli wenyewe hauna utamu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, natoka nyumba hii naingia ile, huyu namuogesha, yule namhesabia vidonge, mwingine ananisimulia habari ileile ya jana na mimi nashangaa upya kama sijawahi kuisikia, ikifika saa 2 usiku mdomo umechoka kuliko miguu. Nikishafunga mlango wangu sitaki mtu. Sio kwamba nalia humo ndani, nasoma, napika, naongea na sufuria, nalala. Nilikuwa hivihivi tangu mdogo, ila nyumba imejaa watu nani atagundua, unajikunja zako kona na daftari wanakuhesabu upo.

Na hapo kwenye neno "mpweke" ndo tunapoanza kupishana. Kiswahili chetu kitamu lakini hapa kimenibana, upweke ni wa yule anayeumia kwa kukosa watu na ni huohuo wa yule anayepata kupumua akiwakosa. Ukitaka kunisifia utasema ni mkimya, haya, sasa sikiliza methali za mkimya: kimya kingi kina mshindo mkuu, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Yaani mtu akikaa zake kimya sisi tunahesabu ananyemelea.

Nimelifikiria sana hili na siamini kama ni roho mbaya. Mimi naona ni mambo ya rehani. Watu tunaaminiana kwa sababu tumeshikana, mimi najua ya kwako mawili matatu, wewe unayajua ya kwangu, ukinitangaza nakutangaza, basi tunaheshimiana. Nimekulilia msibani kwako utanililia kwangu, umenikopesha nakukwepa njiani, maana hata kukwepana ni kujuana. Sasa anakuja mtu hajakopa, hajaomba, hajasimulia aibu yake hata moja, ila kakaa pale kwenye kochi kasikiliza za wenzake zote, huyo utamshikia wapi? Zile sherehe za wenzetu nilikwenda mwanzoni, msiambiwe sikwenda kabisa. Kulikuwa na mmoja anakopa kila mtu na halipi, alisemwa, akasamehewa, akaalikwa tena. Mimi niliyekuwa naosha vyombo halafu naondoka saa 3 usiku ndo nikaitwa najisikia. Mkopaji walishamjua ni mkopaji, wameshampa kiti chake. Mimi hawakuwa na cha kuniandika, na akili ya binadamu haiwezi kuacha mahali pa jina la mtu pako wazi, itaandika kitu, na haiandikagi kizuri.

Msije mkadhani wazungu wamepona ugonjwa huu. Mnaniambiaga "huko si kila mtu na lwake", ndio, katika karibu nyumba 3 kati ya kila 10 hapa Uingereza anakaa mtu mmoja, lakini ngoja jambo litokee. Bristol, Desemba 2010, alipotea binti wa miaka 25, Joanna Yeates, na mwili wake ukaonekana siku ya Krismasi. Fleti alipanga kwa mzee mmoja Christopher Jefferies, mwalimu mstaafu, anakaa peke yake, anapenda vitabu na mashairi, nywele zake kaziachia zinaruka huku na huku. Polisi wakamkamata tarehe 30, wakamtoa kwa dhamana baada ya siku chache, hakushitakiwa na chochote, lakini magazeti yalishamaliza kesi. Nywele zikawa ushahidi, mashairi yakawa ushahidi, ukali wake wa darasani miaka hiyo ukawa ushahidi, kila ambacho kwa mtu mwenye mke na wajukuu kingeitwa vituko vya mzee kwake kikageuka dalili.

Aliyeua alikuwa jirani, Vincent Tabak, injinia, kijana wa kazi nzuri na mpenzi anaishi naye. Na kinachonisisimua mpaka leo ni hiki, Tabak mwenyewe aliwapigia polisi simu akawadokezea habari za gari la Jefferies usiku ule! Muuaji alijua kabisa tope litaganda kwa nani. Oktoba 2011 akafungwa maisha. Jefferies alilipwa fidia na magazeti nane, juu ya hapo mahakama ikapiga faini Daily Mirror paundi 50,000 na The Sun 18,000, polisi nao wakaja kumwomba radhi mwaka 2013. Mimi nikiisoma hiyo habari huwa najiuliza, mtaa wangu ukipata msiba wa namna hiyo, watu tunaopanda nao ngazi moja watasema nini kuhusu yule dada mweusi anayeingia usiku na haongei na mtu.

Ila mmetaka ukweli na ukweli una upande wa pili. London, eneo la Wood Green, Januari 2006, watu walikuja kuvunja mlango kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya nyumba wakamkuta Joyce Vincent kashakuwa mifupa. Alikuwa amefariki tangu mwishoni mwa 2003. Zaidi ya miaka 2, televisheni bado inawaka, zawadi za Krismasi alizofunga zipo pembeni. Hakuwa mtu wa ajabu, alikuwa na dada zake, aliwahi kuwa na marafiki tele. Hakuna aliyemshuku kitu. Hakupata hata mbea mmoja. Mwaka 2018 serikali ilipoweka waziri wa upweke, wa kwanza Tracey Crouch, niliwaambia mkacheka sana ati wazungu wameishiwa, mimi sikucheka, kuna mzee kwenye ratiba yangu akiniona navaa koti na yeye anavaa lake, tutoke wote mpaka getini, apate dakika mbili za ziada.

Na mimi nilipata changu. Mwaka juzi homa ilinilaza siku nne, kazini nilishatoa taarifa kwa hiyo hakuna aliyenitafuta. Chini yangu anakaa mzee mmoja anajua nani kaingia, nani katoka, nani kaletewa parseli, nilikuwa namkwepa kweli, nasimama nyuma ya mlango mpaka nisikie wake umefungwa ndo nitoke. Siku ya tatu kagonga. Ananiambia kupitia tundu la barua hajasikia maji yangu kwenye bomba tangu juzi. Nikakasirika, kumbe huyu mtu ananihesabia kuoga! Nikajikokota nikamfungulia, akaniangalia, akaenda akarudi na dawa na supu ya kopo, akaviweka mezani akaondoka bila kuuliza kitu, siku hiyo tu, kesho yake kaanza tena maswali.

Ufunguo wa akiba anao yeye sasa. Kumkwepa kwenye ngazi bado namkwepa.

Kwa hiyo shangazi, tufanye hivi. Kwenye grupu nitabaki na dole gumba langu, habari za kila ndoa siziwezi. Ila kila Jumapili nitakupigia wewe, dakika kumi, sio saa nzima na usimpe simu kila anayepita uani. Nikikosa Jumapili moja jua nimelala. Zikipita mbili ndo uanze kuuliza watu.