Maswali yenu: Mtoto alipotea P3, mbona mnampa somo la P6?

Barua nyingi za mwezi huu kutoka kwenu wasomaji wa Uganda zinauliza kuhusu yale masomo mafupi ya mtandaoni, ya dakika kumi au kumi na tano, kwa mtoto aliyebaki nyuma. Nimechagua chache.

Mwanangu yuko P6 (darasa la sita la msingi), hesabu zinamshinda. Miezi mitatu namnunulia bando atazame video za hesabu za P6. Mbona habadiliki? (Mama, Busia)

Kwa sababu hakupotelea P6, mama. Jioni ya leo kaa naye mezani, mpe karatasi, mwambie atoe 178 kwenye 402. Usimsaidie, tazama mkono wake tu. Akiandika 376, tatizo umeliona: alifika kwenye 2 na 8, akaona 8 haitoki kwenye 2, basi akageuza, akatoa 2 kwenye 8. Kwenye makumi akafanya vivyo hivyo. Mtoto huyo hajui kukopa kutoka nafasi ya kushoto, na hilo ni somo la madarasa ya chini. Ukimwekea video ya asilimia atatikisa kichwa hadi mwisho, bando litaisha, na kesho ataandika 376 tena.

Mtafutie somo fupi la kutoa kwa kukopa, hata kama limeandikwa P3. Likiisha, simu iwekwe kando, akufanyie hesabu tano kwa mkono huku akieleza kila hatua kwa mdomo. Akikosa mbili, somo linarudiwa kesho. Akipata zote siku mbili mfululizo, msogeze mbele. Na hili nawaambia wazazi wote: acheni kuwalundikia watoto karatasi za zamani za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Zitakuonyesha kwamba mtoto hajui, basi. Kumfundisha ni kazi nyingine.

Programu gani ni bora? (wasomaji kadhaa)

Nimeulizwa hili mara nyingi mno, na hakuna anayeniambia mtoto yuko darasa gani, nini kinamshinda, wala anaelewa lugha gani. Nitajibuje? Mtoto aliyefundishwa kwa lugha ya nyumbani hadi P3, kisha P4 kila kitu kikageuka Kiingereza, huenda hesabu anaijua na maneno ya swali ndiyo yanayomkwamisha. Msomee kwanza swali kwa lugha yake. Akijibu, mnatafuta dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Video zinaweza kuchukua nafasi ya mwalimu?

Hapana. Na shule inayowaambia hivyo ili ipunguze walimu, mtoeni mtoto.

Nina watoto zaidi ya 90 darasani na simu ni moja, yangu. Nifanyeje? (Mwalimu, Arua)

Pole na kazi, mwalimu. Simu hiyo ikufae wewe kwanza: tazama somo usiku, ulifundishe kesho ubaoni. Kisha, kwa saa moja kila siku, wapange watoto kwa kiwango, si kwa darasa. Shirika la Pratham la India limejulikana kwa njia hiyo. Kila mtoto anapimwa ana kwa ana. Anayetambua herufi tu anakaa na wenzake wa herufi, anayesoma aya na wenzake wa aya, hata kama mmoja ni wa P3 na mwingine wa P5. Kundi la chini kabisa lishike mwenyewe. Nimeona shule zikiwaachia watoto hao mwalimu wa mazoezi ilhali mwalimu mkongwe anakaa na wanaojua tayari, na jambo hilo linaniuma sana.

Kijijini kwetu mtandao ni wa shida. (Kasese)

Kuna Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality. Masomo yanapakuliwa kwenye kompyuta mara moja mjini, kompyuta inarudi shuleni, na simu au tableti zilizo karibu zinasoma kutoka kwake bila intaneti. Hata wa mjini afikirie njia hii. Tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12. Sheria ilisamehe data ya huduma za elimu, lakini mzazi anayenunua bando la kawaida dukani ili mtoto asome analipa sawa na anayetazama mpira. Wabunge walirekebishe hilo.

Binti yangu alijifungua, sasa amerudi S2 (kidato cha pili) na anaona aibu kuuliza darasani. Masomo ya simu yatamtosha? (Baba, Bombo)

Hayatatosha, ila yatamfaa kuanzia. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, na wasichana wengi waliopata watoto wakati ule hawakurudi kabisa. Wako amerudi, mshike mkono. Somo fupi analirudia hata mara nne bila kuchekwa, na mtoto akilia analisimamisha. Lakini baba, mtoto huyo anashikwa na nani? Kila jioni, nusu saa, wewe au bibi yake mchukue mjukuu, na binti apate simu yenye chaji na mahali penye mwanga. Pale anapokwama aandike swali moja kwenye kikaratasi, ampe mwalimu kipindi kikiisha, wenzake wakishatoka.