Vibao vya mimea: andika kwa penseli
Penseli ya kawaida inadumu kuliko maka peni. Weusi wa penseli ni grafiti, yaani kaboni, na jua haliwezi kuupausha. Rangi ya wino wa maka huvunjwa na miale ya jua, hata ile iliyoandikwa kwamba haifutiki. Haifutiki kwa maji. Jua ni habari nyingine. Vibao vyangu vya maka vilibaki vyeupe kabla hata ya kuvuna, vya penseli bado vinasomeka.

Chukua penseli laini, 2B au 4B. Kama kibao ni cha plastiki inayoteleza, kisugue kwanza kwa msasa, la sivyo penseli haishiki.

Ila plastiki yenyewe hukauka juani na kukatika, na kijiti cha mbao huoza pale kinapogusa udongo. Kwa miti ya miaka mingi, kata ukanda wa kopo la soda la alumini, uweke juu ya gazeti lililokunjwa, kisha andika kwa kukandamiza na kalamu ya biki, hata iliyokwisha wino. Maandishi yanakuwa mifereji kwenye bati, hakuna wino wa kufifia. Angalia kingo tu, zinakata vibaya.