Kabla ya kununua dinari yako ya kwanza ya Kirumi

Anza na mizani, bei baadaye. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 na lenzi inayokuza mara 10 vinatosha. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha. Enzi ya kaizari Augustus, ratili moja ya Kirumi ya fedha, kama gramu 327, ilitoa dinari 84, kila moja karibu gramu 3.9. Mwaka 64 BK hivi kaizari Nero akaifanya itoe 96, uzito ukashuka hadi gramu 3.4. Sarafu iliyopita mikono mingi hulika, kwa hiyo dinari ya kaizari Trajan, aliyekuja baada ya Nero, yenye gramu 3.1 si ajabu. Ikiwa na 2.6, ishuku: huenda ni shaba iliyovikwa fedha. Kagua ukingo, shavu na nywele za kaizari, maana shaba huanza kuchungulia palipoinuka. Hizo ni ghushi za Warumi wenyewe, na wapo wanaozikusanya.

Ghushi za leo nyingi humiminwa kwenye kalibu. Utaona vitundu vya hewa, herufi butu, pengine mshono ukingoni. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, na ufa wake ni wa kwake peke yake. Ukikuta mbili zina ufa uleule mahali palepale, angalau moja ni nakala.

Maandishi ndiyo kalenda. Kwa Trajan, DAC ni cheo cha ushindi wa Dacia (Romania ya leo), na COS V ni ukonsuli (cheo kikuu cha serikali ya Roma) wa tano: basi sarafu ni ya kati ya 103 na 111, kwani wa sita aliushika 112. Kumbuka V pia husimama badala ya U.

Weupe usikudanganye. Fedha ilipochanganywa na shaba, mafundi waliiondoa shaba ya juujuu kabla ya kugonga, ndiyo maana kipimo cha eksirei, kinachopima tabaka la juu tu, husoma fedha nyingi kuliko iliyomo. Enzi ya kaizari Septimius Severus fedha ilibaki karibu nusu tu. Antoniniani, sarafu aliyoianzisha kaizari Caracalla mwaka 215 (kaizari amevaa taji la miale), kufikia mwaka 270 hivi ilikuwa shaba yenye utando mwembamba wa fedha. Ukiisugua kwa dawa ya meno, utando wote umekwenda! Tumia maji yaliyokenekwa, loweka, kausha bila kusugua. Wala usiidondoshe mezani kusikiliza mlio wake: fedha iliyokaa ardhini karne nyingi huweza kukatika kama biskuti.