Chakacha naijua, dansi ya kisasa je?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46. Kuna darasa la dansi ya kisasa kila Jumamosi, wazoefu na wageni pamoja. Mimi nimezoea chakacha za harusini tu. Niende? – Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda! Kiuno kinachosikia ngoma ni mtaji mkubwa. Dansi ya kisasa, yaani "modern dance", huchezwa pekupeku, na mengi hufanyika sakafuni. Martha Graham, Mmarekani aliyeanzisha kundi lake la dansi hii 1926, aliujenga mtindo wake juu ya pumzi: ukiitoa, tumbo linabonyea na mgongo unapinda, ukiivuta, unanyooka. Jaribu hapo ulipoketi. Goti likikusumbua, mwambie mwalimu mapema. Vaa suruali laini, leso itakutega miguu. Na usijifiche nyuma, simama unapoiona miguu ya mwalimu.