Chaneli imepata utambuzi? Nani alikwenda kuitambua?

SWALI: Msomaji wetu aliyeko Columbus, Ohio, ameandika: "Shikamoo mwalimu. Wanangu wamezaliwa huku, soka hawaitaki, wao ni besiboli asubuhi na jioni. Nawaandikia Waswahili wenzangu wa hapa makala fupi kuhusu chaneli wanayoitazama, ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Nimeanza hivi: 'MLB Network, iliyoanza mwaka 2009, imeshinda tunzo kadhaa za Emmy na kupata utambuzi mkubwa.' Mke wangu anasema ni 'tuzo', mimi nasema 'tunzo'. Tuamue."

JIBU: Marahaba. Mkeo amekushinda, andika tuzo. Kutuza, au kutunza, ni kumpa mtu kitu kwa kuwa amefanya jambo likakukosha. Wapenzi wa taarabu wanalijua hili bila kamusi: mwimbaji akifika penye ubeti wenye mwiba, mama mmoja huinuka, noti mkononi, akaenda kumtunza. Lakini kutunza kuna mizigo mingi, watoto, siri, mazingira, kwa hiyo zawadi ya jukwaani ikapewa njia yake: tuzo hii, tuzo hizi. Anayesema "matuzo" simjibu.

Hayo yamekwisha. Sasa niambie, huo utambuzi mkubwa mmeupitaje wewe na mkeo bila kushtuka?

Kutambua ni kukiona kitu ukajua kuwa ndicho. Ng'ombe aliyeibwa hutambuliwa kwa alama yake. Shahidi hupelekwa kwenye gwaride la utambuzi, akapita mbele ya wanaume wanane waliosimama ukutani, akamgusa mmoja begani. Na ndugu huitwa hospitali, chumba kile cha baridi, shuka ikafunuliwa, wakaulizwa: "Ndiye?" Huo ndio utambuzi mkubwa ninaoujua mimi. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba chaneli ya televisheni imepata utambuzi, nauona ukoo mzima umesimama mlangoni na leso usoni, na mzee mmoja anatikisa kichwa: "Ndiyo yenyewe, MLB Network yetu. Tumeitambua kwa nembo."

Kosa hili lina historia fupi. Kiingereza kina neno moja, recognition, linalofanya kazi mbili, ya kujua sura ya mtu na ya kumpa heshima yake. Mfasiri mwenye haraka akafungua kamusi, akakuta maana ya kwanza, akafunga kamusi. Tangu hapo hakuna semina isiyotoa "vyeti vya utambuzi". Mimi mwenyewe nilipewa kimoja na ofisi ambayo sitaitaja. Jina langu lilikosewa herufi mbili. Walinitambua nusu.

Ajabu ni kwamba chaneli yako ina mahali ambapo neno hili lingekaa vizuri kabisa. Siku ilipoanza kurusha matangazo, tarehe 1 Januari 2009, ilionyesha mchezo wa World Series ya 1956, yaani fainali za ligi hiyo ya besiboli, ule ambao Don Larsen wa New York Yankees aliwarushia Brooklyn Dodgers mipira, wapigaji 27 wakaja na 27 wakatoka, hakuna aliyekanyaga kituo hata kimoja. Katika fainali hizo haujawahi kutokea mwingine wa namna hiyo. Katikati ya picha hizo za kizamani, mtangazaji Bob Costas aliwahoji Larsen mwenyewe na Yogi Berra, mdakaji aliyemrukia mikononi mchezo ulipokwisha. Wazee wawili wanawaona vijana wawili na kujua kuwa ndio wao. Hapo andika utambuzi, nami nitakupigia makofi.

Ukitaka kuona heshima nako, tazama jina la ukumbi wao mmoja wa matangazo huko Secaucus, New Jersey: Studio 42. Hiyo ni namba ya Jackie Robinson, aliyeingia Dodgers mwaka 1947 na kuvunja ukuta uliowazuia Weusi kucheza katika ligi kuu. Mwaka 1997 namba hiyo ilistaafishwa katika timu zote, hakuna mchezaji mpya anayepewa. Je, Robinson "alipata utambuzi"? Mtu mweusi kwenye uwanja wa 1947, ni nani ambaye hakumtambua? Walimtambua vizuri sana, ndiyo maana walimzomea. Alichokuja kupewa baadaye ni heshima, na Kiswahili kina maghala yake: kuheshimiwa, kuthaminiwa, kusifiwa, kutajika, kujizolea sifa, kujipatia jina.

Mchukue na Harold Reynolds, mchambuzi wao tangu mwanzo. Alipokuwa akicheza Seattle Mariners alipata Glavu ya Dhahabu mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, kwa udakaji. Baadaye akapata Emmy, ile tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kusema. Huyo ametuzwa kwa mikono na kwa mdomo, nasi tukamwite "aliyepata utambuzi", kana kwamba alipotea sokoni?

Kuhusu "kushinda tuzo", nimechoka. Zamani niliweka wino mwekundu: anayeshindwa ni mpinzani, tuzo hutwaliwa, hunyakuliwa, au mtu hutunukiwa. Niliuliza darasani, mtu aliyeshinda njaa amekaa nayo mchana kutwa, je, aliyeshinda tuzo? Wanafunzi walicheka, kisha wakaenda kuandika vilevile. Watu wanashinda magari na simu kwenye bahati nasibu, na Kiswahili hakijafa. Pita nayo. Ila usithubutu "ametunukiwa na tuzo". Hiyo "na" humtaja mtoaji, kwa hiyo unaniambia tuzo ilisimama ikatoa hotuba.

Na Emmy, kwa kuwa watoto watakuuliza, si jina la binti. Lilikuwa Immy, jina la utani ambalo mafundi walilipa bomba moja la kamera za televisheni za enzi hizo, likalainishwa likafanana na yule mwanamke mwenye mabawa aliyeko kwenye sanamu. Tuzo zenyewe zilianza kutolewa mwaka 1949.

Basi andika hivi: "MLB Network, iliyoanza mwaka 2009, imetwaa tuzo kadhaa za Emmy, zikiwamo za MLB Tonight, kipindi chake cha kila siku, na imejipatia jina kubwa." Besiboli umeandika sawasawa. Kuna jamaa atakushauri uiite mpira wa magongo. Mwambie huo una wenyewe, ni hoki.